Lite ya mwaka huu au ya kawaida ya mwaka jana? Simu iliyookoa biashara ya samaki ya mdogo wangu

Wakuu, salamu kutoka Vulamba, Butembo. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na furaha bado haijanitoka, mnivumilie.

Mdogo wangu Kavira hununua samaki Kyavinyonge, kando ya ziwa. Mitumbwi ikifika anapiga video call, mteja wa mjini anachagua tilapia wake palepale.

Simu yake ikafa. Akanunua nyingine bila kuniuliza, mimi ninayeshauri mtaa mzima bure! Ni toleo jipya la familia ileile, namba kubwa zaidi, ila mwishoni lina neno "Lite".

Aliipima kwa sauti tu. Ufukweni kuna kelele za injini, basi wanunuzi wa samaki huchagua simu kama wanachagua kengele ya kanisa.

Kelele ilikuwa nayo kweli. Lakini akipiga picha ya samaki katikati ya video call ili amtumie mteja, call inakatika. Akirudi hewani, samaki wameshachukuliwa na wengine.

Mteja wake mkubwa, mama mwenye mgahawa hapa mjini, akasema ikitokea tena anahamia kwa mwingine. Kavira alilia. Roho iliniuma.

Tukarudi dukani kubadilisha. Nikaomba ya mwaka jana, ile isiyo na Lite. Boksi zote mbili zimeandikwa RAM 8, ile kumbukumbu inayobeba app kadhaa kwa wakati mmoja.

Nikaingia settings. Wakuu! Lite ina 4 tu za kweli, 4 nyingine inaazima kwenye storage. Ya mwaka jana ina 8 zake mwenyewe.

Nikazipima kana kwamba tuko ziwani: video call, piga picha, tuma, rudi. Lite ikatema call. Nyingine ikaendelea tu. Nilipiga makofi mpaka wateja wakageuka.

Kavira bado akanuna, akanigeukia mimi mkubwa wake: "Yaya, mais sauti yake iko kidogo."

Tukaichukua hivyohivyo, nikamnunulia na earphone.

Siku ya mzigo nilikwenda kukaa na yule mama mgahawani, moyo juu. Simu ikaita. Mitumbwi hiyo, samaki bado wanaruka. Kavira akapiga picha, akatuma, call haikutikisika.

Mama akasogeza uso kwenye kioo, akamzuia Kavira asimuuze samaki mmoja: "Huyu wa mukia mukubwa, hapana uzisha mutu mwingine. Ni wangu."

Funzo: namba kubwa isikubabaishe. Ipime simu kwa kazi utakayoipa, hapohapo dukani, kabla hujatoa pesa.

Nyie mnazipimaje zenu? Semeni, nasoma huku nakula tilapia, malipo ya ushauri wangu kutoka kwa Kavira.