Maman Hasara Amechoka Kuuliza

Jua halijapanda juu ya vilima vya Nkanka, na tayari Emerance Nishimwe ametukanwa.

Anayemtukana ni bibi mmoja anayekwangua tope kizingitini kwa jembe. Hajampa mgeni nafasi hata ya kusalimu. "We tena?" anauliza. "Banakutuma kuya kuangalia kama tumeshakufa?"

Emerance anafuta manyunyu kwenye kioo cha simu ya kazi kwa pindo la kitenge, anavuta pumzi, anaanza: jina la mwenye nyumba, watu wanaolala humo, kuta zilizoanguka, mabati yaliyokwenda na upepo. Bibi anajibu kwa mkato huku akiendelea kukwangua. Mabati hayakwenda popote. Waliokwenda na maji ni mbuzi wake, lakini swali la mbuzi liko mbele, baada ya maswali chungu nzima ya ng'ombe ambao bibi hajawahi kuwa nao.

"Ng'ombe wa maziwa?" Emerance anasoma.

"Uko unanicheka?"

"Hapana, Maman. Simu njo inauliza."

Hiyo ndiyo kazi yake. Mto ukifurika, kilima kikiporomoka au upepo ukibeba paa popote katika wilaya ya Rusizi, Emerance, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, hutumwa kukadiria hasara. Mashirika yanayomwajiri hubadilika, ila maswali hufanana kama mapacha. Hulipwa faranga elfu kumi na mbili kwa siku, na siku zenyewe hupatikana tu mvua ikishaharibu. Vilimani wamembatiza Maman Hasara.

"Zamani hilo jina lilikuwa linanichekesha," anasema, akikanyaga utelezi kuelekea nyumba inayofuata. "Sasa hapana."

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa wazazi Wanyarwanda waliorudi nyumbani yeye akiwa msichana. Kiswahili cha Kivu, kinachosema 'njo' badala ya 'ndiyo', Kinyarwanda na Kishi, vyote anavisema bila kujikwaa, na ndiyo sababu waajiri humtafuta. Kabla ya hapo alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, akivuka daraja la Ruzizi kila siku ya soko. Mpaka ulipofungwa miaka ya korona, familia yake ililazimika kula mtaji kidogo kidogo mpaka ukaisha.

"Hakuna ukuta wangu ulioanguka. Bati halikuruka. Biashara ilikufa imesimama," anasema. "Na hakuna muntu aliyekuya kuniuliza swali hata moja."

Labda ndiyo maana hasira zake zilipanda sana wakati wa mvua za masika mwaka huu, alipofika kwenye kinu cha Mukengere.

Mukengere ni mzaliwa wa Bukavu aliyeoa Nkanka na kubaki huko. Ana mashine ya kusaga mahindi na mihogo, ndani ya kibanda cha matofali juu ya kijito kinachoshuka kwenda Ziwa Kivu. Wateja wake wengi wanakaa upande wa pili wa kijito. Walikuwa wakivuka kwa daraja la magogo ya mikaratusi, beseni kichwani, mpaka usiku mmoja maji yalipoteremka na mawe na kuling'oa daraja zima. Kibanda hakikuguswa hata tofali.

Emerance alipofika hapo wiki kadhaa baadaye, ilikuwa saa ya watu kusaga, lakini mashine ilikuwa kimya. Hakukuta mstari wa wanawake wala vumbi jeupe mlangoni. Mukengere alikuwa amechuchumaa nyuma ya injini, spana mkononi.

"Papa Mukengere, unafanya nini?"

"Niko nafungua mashini. Muntu wa Kamembe atakuya kuibeba Ijumaa. Nimeuzisha."

"Imeharibika?"

"Ingeharibika, ningeitengeneza. Mashini iko muzima. Batu njo habana njia."

Zamani, akishatoa gharama za mazutu ya kuendesha injini, alikuwa akibakiwa na kama faranga elfu kumi na nane kwa siku. Tangu daraja liende, kuna siku hapati hata elfu tatu. Kuzunguka kwa barabara ya juu ni zaidi ya saa nzima, na mzigo kichwani. Mama mmoja alijaribu kukatisha ndani ya maji. Mihogo yake ilikwenda ziwani, na yeye akatoka na mkono uliovunjika. Baada ya hapo hakujaribu mwingine.

Emerance alitoa simu. Swali la majengo ya biashara lilikuwa na majibu matatu: limebomoka kabisa, limebomoka kiasi, halikuathirika. Alimsomea.

"Soma tena," Mukengere alisema.

Akasoma tena.

Mwanaume akasimama, akaifuta mikono kwenye suruali, akaenda pembeni na kurudi na nyundo. "Ikivunjika, bataandika?"

"Wataandika. Na wenye mashine zilizovunjika watasaidiwa kuzifufua."

"Basi niipige kidogo. Hapa, kwa mfuniko. Hapana mingi. Nitaitengeneza nyuma, bakishaenda."

Alikuwa ameshainua mkono. Emerance aliudaka mpini, na wote wawili wakaanza kuvutana juu ya mashine nzima isiyo na kosa lolote.

"Tulivutana nyundo kama batoto," anakumbuka. Anacheka, lakini cheko lenyewe halifiki mbali. "Fikiria. Muntu anataka kuvunja kitu chake kizima ili aonekane ameumia. Na mimi njo nilimusomea swali."

Alimnyang'anya nyundo, akatoka nje na kumpigia simu Cyusa, mkuu wa timu aliyekuwa ofisini mjini Kamembe. Cyusa amesomea uchumi na ana miaka mingi katika kazi hii. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mashine imevunjika?" aliuliza.

"Haijavunjika."

"Kibanda?"

"Kizima. Lakini Cyusa, hakuna anayesaga! Wauza uji wa ng'ambo wamefunga. Wafuga nguruwe hawana pumba. Mzee anauza mashine."

"Maman Emerance, unafikiri sijui?" Sauti ya Cyusa nayo ilikuwa imechoka. "Nimewaandikia waliotunga haya maswali mpaka nimenyamaza. Biashara iliyokosa wateja haina mahali pa kuandikwa. Daraja lina mahali pake, kwenye miundombinu. Na thamani ya daraja ni bei ya magogo yake."

"Bei ya magogo?"

"Na misumari."

Emerance anasema alikata simu kabla hajasema neno ambalo angelijutia. Akarudi ndani na hasira yake akaimwagia aliyekuwa karibu. Kama daraja lenyewe ni magogo na misumari, kwa nini watu wazima wa vilima viwili wamekaa wiki zote hizi wanaangaliana ng'ambo ya maji? Mikaratusi imekwisha Nkanka? Mikono imekwisha?

Mukengere alimtazama kama anayetaka kujua iwapo huo ni mzaha.

"Nyinyi njo mulitukataza," alisema.

Akampeleka kando ya njia. Magogo yalikuwa pale, yameshakatwa na kupangwa, yameanza kuota uyoga. Watu walikuwa wameyaleta siku chache tu baada ya mafuriko. Kisha ikaja timu ya kwanza ya ukadiriaji, ya shirika jingine, watu wenye vizibao vya rangi. Walipiga picha, wakasema pasiguswe kitu mpaka kazi yote ya kukadiria iishe, maana ikitengenezwa mapema, hasara haitaonekana. Watu wakatii. Ikaja timu ya pili, haikusema lolote. Sasa amekuja Emerance.

"Tulikuwa tunangoja mumalize kuhesabu," Mukengere alisema, kwa upole uliomuuma kuliko matusi.

Anapofika hapa katika masimulizi yake, Emerance husimama njiani na kushika kiuno. "Moto ulinipanda kutoka miguuni," anasema. "Maji yalipita usiku moja tu. Sisi tukaendelea kupita."

Aliteremka mpaka ukingoni. Upande wa pili alikuwako Védastine, mjane anayefuga nguruwe, akichota maji. Alikuwa mteja mkubwa wa pumba za Mukengere. Zilipokosekana, aliuza nguruwe wake wawili kwa bei ya kutupa. Emerance alipaza sauti kushinda mlio wa maji.

"Tengenezeni daraja!"

"Nani amesema?" Védastine alijibu.

"Mimi nimesema!"

"We ni nani?"

Emerance, ambaye kwa miaka alikuwa akikunja uso kila anapoitwa hivyo, alijaza mapafu. "Maman Hasara! Nimemaliza kuhesabu! Tengenezeni!"

Védastine aliweka ndoo chini, akapanda kilima kuwaita watu.

Cyusa alipoarifiwa, alishika kichwa, kwa maelezo yake mwenyewe. Wiki iliyofuata wangekuja wahakiki kupiga picha za mwisho. Wakikuta daraja zima, litafutwa kwenye hesabu, na huenda hesabu za sekta nzima ya Nkanka zikatiliwa shaka. "Utapoteza kazi," alimwambia, "na utanipotezea na yangu."

"Basi ipotee," alijibu.

Anakiri kwamba hakuwa jasiri kama sauti yake ilivyokuwa. Ana watoto wawili wa sekondari, na ada hulipwa na hizo hizo siku za mvua. Usingizi ulimpaa.

Lakini kesho yake kulipopambazuka, watu walikuwa majini pande zote mbili. Wanaume waliyasukuma magogo, wanawake wakapitisha mawe mkono kwa mkono, na Mukengere akaacha spana yake kibandani na kuja kushika kamba. Jioni, wa kwanza kuvuka alikuwa Védastine, bila mzigo, akirukaruka kwa makusudi katikati ili aone kama linabeba.

Ijumaa mnunuzi wa Kamembe alifika na vijana wa kubeba. Alikuta mashine imefungwa tena boliti zake zote, inanguruma. "Alikasirika," Mukengere anasema. "Na mimi nilikuwa nimekasirika kutoka zamani. Tukaachana vile."

Wahakiki nao walikuja. Walitembea na ramani kwenye simu, wakasimama, wakageuka huku na huku, wakauliza daraja lililobomoka liko wapi.

"Munasimama juu yake," Mukengere aliwajibu.

Daraja lilifutwa kwenye hesabu. Emerance hakuitwa kumalizia sekta zilizobaki za wilaya. Cyusa bado ana kazi yake; anasema aliandika aya nzima kuhusu kinu mwishoni mwa ripoti, mahali pa maoni. "Kama kuna aliyeisoma, sijasikia," anasema kwa simu. Kisha anaongeza: "Ningekuwa mimi kule kijitoni, sijui kama ningethubutu."

Si kila kitu kimerudi mahali pake. Baadhi ya wateja walishazoea kinu kingine na hawajaonekana tena. Kati ya wauza uji, wengine wameuza masufuria. Mama aliyevunjika mkono hawezi bado kujitwisha beseni. Védastine anachukua pumba kama zamani, lakini kwa nguruwe mmoja tu. Ukimuuliza Emerance hasara yote ilikuwa kiasi gani, uso wake unajikunja. Sehemu gani, anauliza: ya maji, au ya kungoja?

Asubuhi hii amerudi Nkanka kwa kibarua cha siku chache cha shirika dogo, ndiyo maana bibi mwenye jembe ameonana naye tena. Kesho kutwa anaondoka. Ameitwa Bweyeye, kule ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, ambako kilima kimeanguka juu ya barabara na mazao yanaozea vijijini. Amekubali, kwa sababu ada haijui hasira.

Hana mamlaka ya kubadilisha maswali, na ameacha kuomba. Ameamua kubadilisha kitu kimoja kilicho mikononi mwake.

"Nikifika, sitaanza na simu," anasema, ameketi kwenye jiwe akikwangua tope kwenye buti. "Nitauliza nani ana koleo, nani ana jembe. Nitabaambia: tengenezeni sasa hivi, musingoje muntu. Mi nitahesabu nikitembea nyuma yenu."

Na wakubwa wake wakilalamika kwamba hasara haionekani tena?

Emerance anainua macho. Ni mara ya kwanza asubuhi nzima anapoonekana kukaribia kutabasamu kikweli, ingawa haachi kukwangua.

"Isionekane tena," anasema. "Kwani si hicho njo tulikuwa tunataka?"