Bembea Inayotazama Ziwa

Wifi yangu aliuza ziwa kwa miaka tisa kabla ya kuliona. Nalisema mapema kwa sababu yeye mwenyewe hapendi lisemwe, na mimi ni wifi yake. Nisipomchokoza mimi, atachokozwa na nani?

Biashara ilianzia sebuleni kwao. Kaka yangu aliacha kazi ya kuendesha magari ya watu, akapata gari kuukuu la viti tisa, wakaliandika ubavuni kwa rangi ya bluu: Safari za Familia. Kaka akawa dereva na mwongozaji. Wifi akawa ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa meza ya chakula, simu mbili, daftari kubwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni Kitinda, wakati ule hajatimiza hata mwaka. Kaka yake wa miaka minne tulimwita Mwenyekiti, maana hakuna maongezi yaliyoanza nyumba ile kabla yeye hajavuta kiti. Mimi ni fundi cherehani, nakaa nyumba ya pili kutoka kwao, na vitambaa vyote vya viti vya gari lile nilivishona mimi bila kuambulia hata soda. Nimeshasamehe.

Safari iliyowapa jina ilikuwa ya ziwa moja lililo juu milimani, mwendo wa saa saba. Wifi aliijua kazi yake. Alijua mteja gani anatapika kwenye kona ili akae mbele, bibi gani anakoroma ili apewe chumba cha pembeni, mtoto wa nani halali bila taa. Ziwa tu ndilo hakulijua. Kwa hiyo kila Kaka alipofika huko na kupiga simu akiwa getini, mahali pekee penye mtandao, Wifi alimhoji kama askari. Maji yana rangi gani asubuhi? Dirisha la chumba cha tatu linatazama wapi? Ngazi za kushukia ni ngapi? Kaka alijibu, Wifi akaandika. Kesho yake aliwasimulia wateja vizuri mpaka mama mmoja akamuuliza kama amezaliwa huko. Wifi alicheka, akainama kumfunga Kitinda kamba za viatu, viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Usidhani hakutaka kwenda. Alitaka mpaka nikawa namwonea uchungu. Lakini shule za wanawe zilipofungwa, na za watoto wa watu zilifungwa, na siku hizo ndizo gari lilijaa mpaka kiti cha mwisho. Shule zilipofunguliwa viti vilibaki vitupu, na Mwenyekiti alikuwa darasani. Mwaka mmoja walikwishafunga mizigo, Kitinda akaamka na surua. Begi lilikaa mlangoni siku nne, kisha Wifi akalifungua na kurudisha nguo kabatini moja moja.

Swali lake la mwisho kwenye simu lilikuwa lile lile kila safari.

"Na cha watoto kuna nini?"

Kwa muda mrefu Kaka alijibu kwamba hakuna. Halafu siku moja akasema kuna bembea. Imefungwa kwenye mti ulioinama karibu na maji, na ukisukumwa vizuri miguu inakuwa kama inagusa ziwa. Nilikuwepo sebuleni napima mapazia. Wifi aliweka kalamu chini, akaniangalia.

"Umesikia, wifi? Kuna bembea."

Tangu siku ile bembea iliingia ndani ya nyumba. Wateja walisimuliwa bembea. Watoto waliahidiwa bembea. Kitinda akimvuta gauni wakati yupo kwenye simu, Wifi aliziba simu kwa kiganja na kumnong'oneza, "Tukifika ziwani nitakusukuma mara mia." Miaka ilivyokwenda, mtoto yule alijifunza kuhesabu hadi mia kwa sababu hiyo tu. Alijisukuma kwenye kiti changu cha cherehani, mguu mmoja chini, akihesabu, akiruka sitini kila mara na kurudishwa na Mwenyekiti.

Kitinda alipokuwa na miaka mitatu, alikuja mteja mmoja, mwalimu mstaafu, kurudisha mto wa shingo alioazimwa. Alishukuru kwa kila kitu. Ngazi ni arobaini na mbili kama alivyoambiwa, na maji asubuhi ni ya kijivu kweli.

"Ila bembea sikuiona," alisema. "Si kwamba nabembea kwa umri huu. Uliisimulia vizuri, nikatamani kuitazama. Nikamuuliza mwenye nyumba ya wageni, akasema haijawahi kuwepo."

Wifi alimjibu kwamba huenda ilitolewa kutengenezwa. Mzee wa watu akakubali, akaaga. Mimi nilianza kukunja kitambaa changu taratibu ili nisionekane nina haraka ya kusikia yatakayofuata.

Kaka aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukaribishwa maji.

"Bembea iko wapi?"

Kaka alinitazama mimi kwanza, kama tulivyokuwa tukitazamana utotoni kikombe kikivunjika. Safari hii sikumsaidia.

"Hakuna bembea," alisema.

"Miezi yote hii nawaambia watu. Nawaambia wanangu."

"Mama Mwenyekiti, kila nikikupigia unaniuliza cha watoto kuna nini. Kule hakuna cha watoto. Kuna maji, kuna mawe, kuna wazee wanaosoma magazeti. Nilichoka kukwambia hakuna. Nasikia unavyonyamaza ukiambiwa hakuna. Siku ile nikauona ule mti, nikaona pangefaa bembea."

"Ukaifunga kwa mdomo."

"Nikaifunga kwa mdomo."

Nilidhani atapiga kelele. Wifi yangu ana hasira za karibu, muulize muuza mkaa. Lakini alikaa kitini, mikono mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Basi ukaifunge kwa mikono. Mimi sitawadanganya watu."

Seremala wa mtaani alitengeneza kiti cha mbao chenye mgongo na kijiti cha kuzuia mbele, maana Wifi aliogopa mtoto asije akachomoka. Kipimo nilichukua mimi. Nilimzungushia Kitinda futi yangu kiunoni, akicheka kwa mtekenyo, nikamwandikia seremala namba kwenye kipande cha karatasi. Hapo ndipo nilipokosea, na sijui nilikuwa nawaza nini. Gauni la mtoto siku zote naliachia pindo la kushusha akirefuka. Mbao haina pindo.

Kiti kilipokuja kilifungwa kwanza kwenye boriti ya kibaraza, kujaribu. Wifi hakukubali Kitinda asukumwe. "Mara mia zake ziko ziwani," alisema. Kitinda akakaa tu, akining'iniza miguu, mpaka Kaka akamtoa na kupakia kiti garini pamoja na mizigo ya wateja.

Wateja wakaanza kutuma picha. Watoto wa watu, vinywa wazi, miguu juu ya maji. Wifi alizibandika ukutani juu ya meza, na zilimletea wateja wengine, na wateja hao wakajaza gari, na gari likijaa, yeye anabaki. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya ule ukuta na bilauri ya chai iliyopoa.

"Nimechoka kuwapeleka watu, wifi," aliniambia. "Natamani kupelekwa."

Tulifika mwaka wa tisa. Watu wa harusi waliahirisha safari siku moja kabla, shule zimefungwa, vyumba vimeshashikwa. Kaka aliingia sebuleni akasema neno moja tu, "Fungasheni," na Wifi akafungasha kwa nusu saa kama mtu anayekimbia mafuriko. Nami nilichukuliwa. Njia nzima alitutajia kinachofuata: baada ya kona hii kuna kanisa la bati, baada ya daraja utasikia baridi. Hakukosea hata kimoja. Alipoliona ziwa alishika mkono wangu akauminya mpaka pete yangu ikaniuma.

Hatukupumzika hata vyumbani. Ngazi arobaini na mbili, mti ulioinama, na bembea pale pale. Mbao ilikuwa imeng'aa kwa kukaliwa na watoto wengi, kamba zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Mwenyekiti, miaka kumi na mitatu na sauti ya kukwaruza, aliitazama kidogo akarudi getini kutafuta mtandao. Kitinda alisimama mbele ya bembea. Alijaribu kupitisha mguu mmoja chini ya kijiti, goti likakwama. Akautoa polepole.

"Hii ni ya watoto," alisema, na hakusema kwa ubaya.

Kaka akajifanya anakagua fundo la kamba. Mtoto wa mgeni mwingine, wa miaka mitatu hivi, alikuwa amesimama pembeni akisubiri zamu, na Wifi, nadhani kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akambeba akamkalisha. Alienea kama aliyepimwa yeye. Wifi akamsukuma, na nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini. Tatu. Nne. Kitinda alikuwa ameketi kwenye jiwe akitupa kokoto majini, ametugeuzia mgongo. Kwenye thelathini na nne mtoto akadai kushuka, akakimbilia kwa mama yake. Wifi akabaki ameshika kamba za kiti kitupu, na machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni.

Kitinda aliinuka kwenye jiwe, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Zimebaki sitini na sita," alisema.

Akaja akasimama mbele ya mama yake, kimo chake sasa kinamfika begani, akageuka akatazama maji. "Nisukume hivi hivi."

Wifi akamwekea viganja mgongoni, akaanza na thelathini na tano.