Shemeji alimtoa mbwa wangu kwa wawindaji wa kanga bila kuniuliza

Wakuu, mwadila wote. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata like, nawasalimu pia.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa kwangu Itilima. Sijaongeza chumvi na wala haihitaji. Jina la kijiji na la yule mnunuzi nayaacha, maana bado naishi hapa na pamba bado nalima.

Nina hasira. Atakayeniambia "punguza jazba dada" apite tu uzi wa pili.

Mume wangu yuko migodini Geita. Mimi nimebaki na mtoto wetu Limi, ndio kwanza anajifunza kutembea, na mbwa mmoja jike anaitwa Kasi.

Kasi nilimlea mwenyewe. Mama yake aligongwa na lori la pamba, watoto wakabaki hata macho hawajafungua. Wenzake wote walikufa, huyu nikamnywesha maziwa kwa kitambaa. Watu walinicheka sana.

Leo hao hao waliocheka wanajua kazi yake. Nikienda kuchuma pamba namlaza Limi kivulini, Kasi anakaa pembeni yake. Haondoki. Apite sungura, apite mbuzi, aitwe na nani, haondoki. Huku fisi tunao na kila mama anajua ninachosema. Mimi bila Kasi shambani siendi, na nisipoenda shambani hatuli.

Sasa njooni kwenye wageni.

Zamani pamba ilikuwa inanunuliwa na chama cha ushirika tu. Siku hizi soko huria, kila mwenye mzani na gari anakuja. Sawa, sikatai. Ila hawa wa kwetu wanakuja na bunduki pia. Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi inauma, mashamba yameshachumwa, kanga wanashuka kwa makundi kuokota mbegu. Kanga ndege, msije mkasema nguo. Basi wikiendi yule mnunuzi, bosi wao, anakuja na marafiki zake kuwalenga. Wanasema wana kibali. Sijui, sijawahi kukiona.

Wana mbwa wao wa kizungu, masikio marefu, mkanda shingoni. Nasikia alipokutana na miiba ya migunga aligeuka akaenda kulala chini ya gari. Nacheka hapa huku nimekasirika.

Ndio wakataka mbwa wa kijijini. Na nani akawapa? Shemeji yangu Masanja, mdogo wake mume wangu. Alitaka pamba yake iwe ya kwanza kwenye mzani.

Ilikuwa Jumapili. Natoka kanisani na mtoto mgongoni, nafika nyumbani, Kasi hayupo. Huwa ananipokea barabarani kabisa. Nikamuuliza mama mkwe.

"Mayu, Kasi yuko wapi?"

"Masanja kamchukua, wako na wageni kule nyuma ya shamba lako."

"Kamuuliza nani?"

"Ah mama Limi, usianze. Mbwa si wa kaka yake?"

Niwaambie kitu hapa wakuu. Kwetu mbwa wa kuwinda ni wa wanaume. Mwanamke utamlisha, utamtibu, utamtoa kupe, lakini siku ya kuamua, mbwa anakuwa wa kaka. Haya.

Nikachukua baiskeli, mtoto mgongoni, nikaenda. Sikufika mbali nikasikia bunduki. Halafu nikasikia sauti ya Kasi. Naijua.

Nitaeleza kilichotokea, maana hapa ndipo ujinga wote ulipo.

Mbwa wa huku, Kasi akiwemo, wamefundishwa uwindaji wa rungu. Baba yangu aliwinda hivyo, najua. Kanga akishtuka haruki kwanza, anakimbia chini. Mbwa wetu anakimbia naye, anamshika hapo hapo chini. Ndiyo kazi aliyofundishwa. Ukiwa na rungu, sawa. Ukiwa na bunduki, inabidi usubiri ndege aruke, na mbwa awe amefundishwa kubaki nyuma. Huwezi kuchukua mbwa wa rungu ukamweka mbele ya bunduki! Masanja anajua hilo, kawinda tangu mdogo. Hakusema. Aliogopa kumwambia bosi "subiri kwanza."

Bosi akapiga kanga anakimbia chini. Kasi alikuwa nyuma ya huyo kanga, karibu kumshika.

Nimefika, amelala kwenye mabua ya pamba, bega zima limejaa marisau, zile chembe ndogo ndogo, na jicho moja halifunguki. Akaniona, akapiga mkia chini. Mkia wakuu.

Yule bosi ananiambia, "Pole mama. Ajali kazini. Simama pembeni tumpumzishe, asiteseke."

Yaani anaweka risasi nyingine.

Nikasimama juu ya mbwa. Nikamwambia, "Pumzisha wako yule aliyelala chini ya gari."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Masanja akaingilia, "Shemeji, unatuaibisha mbele ya wageni."

"Wewe nyamaza. Waambie wageni wako mbwa akiumia mawindoni tunafanyaje huku kwetu. Waambie!"



Basi nikawaambia mwenyewe. Kwetu mbwa akiumia kwenye mawindo, mawindo yanaishia hapo. Nyama yote ya siku hiyo inakwenda kwa mwenye mbwa, na aliyemuumiza anambeba mbwa mwenyewe begani mpaka nyumbani, watu wamwone. Baba yangu alishawahi kubeba mbwa wa jirani hivyo, damu inamwagika kwenye shati, na hakuna aliyemdharau.

Bosi akasema, "Mama, ni mbwa tu. Nitakuletea mwingine, mzuri kuliko huyu."

Wakaokota kanga wao, wakapanda gari. Na Masanja akapanda nao.

Rudieni kusoma hapo. Mdogo wake mume wangu, kitu ambacho hata adui hawezi kunitendea, aliniacha porini na mtoto wa kaka yake mgongoni na mbwa anavuja damu, akapanda gari la watu. Vumbi lao lilituingia sote machoni.

Nikamfunga Kasi kwa kitenge kwenye keria ya baiskeli. Nikaisukuma mpaka nyumbani, Limi analia mgongoni, Kasi kimya. Bwana mifugo akaja akatoa alizoweza kutoa. Jicho lilikwenda.

Kupona alipona. Mtasema basi yameisha. Hayajaisha.

Juzi nilikuwa nachoma moto mabua ya pamba, mbali na mtoto. Pikipiki ikapita barabarani ikalipua ekzosi, paa! Kugeuka, Limi yuko peke yake kivulini. Kasi hayupo. Nilimkuta nyumbani chini ya kitanda, anatetemeka mpaka chaga zinagonga.

Mbwa ambaye hakuwahi kumwacha mwanangu. Hilo ndilo walilolipiga. Sasa nabeba mtoto mgongoni siku nzima, nafanya nusu ya kazi niliyokuwa nafanya.

Na sasa sikieni kilichonifanya niandike leo. Kasi amezaa. Asubuhi Masanja kaja, kasimama nje ya uzio na simu mkononi, anatabasamu.

"Shemeji, bosi yuko hewani. Anasema ule uzao ni jasiri sana. Anaomba mtoto mmoja, dume."

Nikaichukua simu.

"Mama habari za siku nyingi," bosi anasema, kachangamka.

Nikamwambia, "Kasi bado yuko shambani ulikomwacha. Njoo umbebe kwanza umlete nyumbani, watu wakuone. Ukimaliza ndio tuongee habari za watoto."

Akauliza, "Unasemaje?" Nikamrudishia Masanja simu yake, nikamwambia amfafanulie, yeye anaijua mila.

Bado amesimama pale nje wakati naandika hapa.

Nilichojifunza: mbwa ni wa anayemlisha. Na ukishika bunduki, muulize mwenye mbwa kafundishwa nini kabla hujamtanguliza mbele.

Wenye uzoefu wa kumrudisha mbwa anayeogopa mlio, nisaidieni, hiyo ndiyo shida yangu. Na wanaume wa Kisukuma mliomo humu, njooni mniambie kama nimekosea mila. Nawasubiri.