Fundi Anayeimbia Seva

Waithera alikesha akingoja simu ya bintiye Wangeci, na kulipopambazuka alikwenda mwenyewe hadi ofisini kwao, mjini Nakuru. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa nusu wazi. Ndani, fundi Singasinga alikuwa akihamisha programu zote walizoandika Wangeci na wenzake kutoka seva kuukuu hadi mpya. Alifuta vidole kwenye suruali kabla ya kugusa kila waya, akiimba chinichini, akiibembeleza ile kuukuu: "Haya nyanya, pumua kidogo tu."

"Ikizima kabla hajamaliza, kazi yetu ya miaka miwili imekwenda," Wangeci, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, alimnong'oneza. "Nakala nyingine hatuna, mama."

Wimbo ukakatika. Fundi alipiga goti, akaweka kiganja juu ya seva kuukuu kama anayepima homa ya mtoto. Waithera akafungua kinywa amuulize. Bila kugeuka, fundi alinyoosha mguu nyuma, akausukuma mlango ukafungwa.