Aliyeshika Taya

Kalondu alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kumpamba. Kwa miaka mingi, gari likianguka karibu na njia panda ya Kyumbi, watu walikimbilia kibanda chake cha machungwa kabla ya kutafuta simu. "Mama Muli! Mama Muli, kuja!" Ni yeye aliyefunga majeraha kwa leso na kunyoosha miguu iliyovunjika kwa mbao za kreti. Hakusomea popote. Alikuwa na mikono mipana, roho isiyoogopa damu, na sifa. Sifa hizo alizipenda kuliko machungwa.

Halafu, mwaka wa 1998, akaja Wangechi. Alitoka upande wa Thika, akafungua kibanda cha mitumba mkabala na Kalondu, na kanisa lilipoanzisha mafunzo ya huduma ya kwanza, akaingia darasani na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kyumbi, na vumbi lile! Kalondu alimchukia kuanzia miguuni.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na jambo moja kubwa. Kanisa lilikuwa limepewa Land Rover kuukuu ya kubebea majeruhi, na nyuma yake palikuwa na kiti kimoja cha mhudumu. Mwalimu, tabibu mstaafu aitwaye Bartholomew, ndiye angechagua wa kukikalia. Kalondu alikiota kiti hicho.

Kila Jumamosi Bartholomew alileta mapafu ya mbuzi kutoka buchari, koo likiwa bado limeshikana nayo, akayatandaza mezani.

"Pumzi inapita hapa," alisema, akiingiza kidole. "Na hiki ni kifuniko. Ukimeza, kinafunga ili chakula kisiingie. Sasa mtu akizimia, ulimi unalegea, unaanguka nyuma, unaziba njia. Anakufa na hakuna mtu amemnyonga."

Kisha alichomeka pampu ya baiskeli, mapafu yakafura yakawa ya waridi, na darasa zima likashangilia.

Aliuliza swali, Wangechi akajibu. Aliuliza jingine, Wangechi akajibu. Puto, yaani ule mfuko wa mpira wenye maski ya kufunika pua na mdomo, wa kumsukumia mgonjwa hewa, Wangechi aliufinya taratibu kama anayekamua ng'ombe mpole, na mwalimu akasema, "Mnaona?" Mnaona nini? Kalondu alirudi nyumbani akawagombeza kuku. Na kana kwamba hayo hayatoshi, puto lilikuwa moja tu, na mwalimu alimpa Wangechi alitunze.

Adhuhuri moja lori la mbuzi likafunga breki ghafla penye njia panda. Dayib, dalali wa mifugo ambaye soko zima lilimjua kwa ndevu zake za hina, akaanguka kutoka juu ya mzigo. Kalondu alifika wa kwanza. Alipita mbele ya kibanda cha Wangechi bila kumwita, na alifanya hivyo kwa makusudi.

Watu walikuwa wamekwisha kumwekea Dayib koti lililokunjwa chini ya kichwa, kama ilivyo desturi ya huruma pale barabarani. Kidevu kilikuwa kimezama kifuani, na mzee alikoroma vibaya.

"Toeni hiyo koti! Mnamfungia pumzi!"

Mtu aliyeanguka kutoka juu huenda shingo imevunjika, kwa hiyo hakumrudisha kichwa nyuma. Alipenyeza vidole nyuma ya taya, chini ya masikio, akalisukuma mbele. Mkoromo ukakatika, hewa ikapita. Lakini punde pumzi zikawa ndogo, zikapungua, zikakoma. Sasa alihitaji puto. Jina lile halikutaka kumtoka mdomoni, akalilazimisha.

"Wangechi! Lete puto!"

Wangechi alikuja mbio. Kalondu akampokonya puto. Umati ulikuwa umejaa, na yeye alitaka kuonekana. "Wewe shika taya," akaamuru. Vidole vyembamba vikateleza, hewa ikatorokea kwenye ndevu, kifua kikabaki vilevile.

"Haiingii, Mama Muli," Wangechi akasema, machozi yakimlenga.

Kalondu alikitazama kifua kile. Akamrudishia puto. "Finya wewe." Akapiga magoti kichwani mwa mzee, akakandamiza maski kwa vidole gumba na kuinua taya kwa vingine vyote. Kifua kikapanda. Hakuliachia taya, hata garini, mpaka hospitalini, mikono ikafa ganzi.

Na umati uliona nini? Uliona puto. "Yule msichana amempatia mzee pumzi!" Kalondu alionekana kama mtu aliyemshikia mgonjwa kichwa kisigongwe. Habari hizo zilizunguka soko zima, na kila zilipomfikia, chakula kilimshinda.

Dayib alipopona alikuja darasani akivuta mbuzi.

"Wangechi, binti yangu, hii mbuzi ni yako."

Wangechi akapokea kamba. "Asante, mzee." Kalondu akangoja aseme neno moja tu la kweli. Hakulisema.

"Lakini kuna mtu aliniumiza," Dayib akaendelea, akijisugua chini ya masikio. "Hapa, pande zote mbili. Mpaka leo nyama inanishinda kutafuna. Ni nani huyo?"

"Huyo ni Mama Muli, mzee," Wangechi akadakia upesi. "Alikuwa anakufinya sana. Mimi nilikuwa tu kwa puto."

Darasa likaangua kicheko. Bartholomew hakucheka. Alimsogelea Dayib, akabonyeza nyuma ya taya huku na huku, mzee akaruka.

"Ulishika hapa mpaka hospitali, Mama Muli?"

"Mpaka hospitali."

"Na ndevu zote hizi?"

"Na hizo ndevu."

Bartholomew akafuta mikono. "Kiti cha gari ni chako."

Dayib hakuelewa ni vipi mtu anashtakiwa halafu anatuzwa. Kalondu alifurahi, tena sana, akageuka haraka kuufaidi uso wa Wangechi.

Wangechi alikuwa amesimama na kamba ya mbuzi mkononi, akiitazama mikono ya Kalondu. Hakuna aliyeujua mtazamo ule wa wivu vizuri kuliko Kalondu. Alikuwa ameandaa neno la kumchoma nalo. Akalimeza.