Bano hazivutani, sasa Achieng na Ouma je?

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Hii imenipata mimi mwenyewe, si binamu wala rafiki wa rafiki. Anayetaka kubisha abishe, hata mimi kazi yangu ni kubisha.

Nasoma masters ya fizikia. Achieng, mpenzi wangu, tuko naye darasa moja. Kuna pia jamaa anaitwa Ouma. Ouma akieleza kitu, Achieng anaegemea mbele. Nikieleza mimi, anaangalia simu.

Muhula huu Achieng akahamia benchi la Ouma. Nikamuuliza sababu. "Naona ubao vizuri kutoka pale."

Ubao wenyewe hatutumii. Tunatumia projector.

Basi ikafika zamu ya Ouma kufundisha wenzake hard sphere model. Kwa wasioijua: unachukulia molekuli ni mipira migumu. Haivutani hata kidogo. Sheria ni moja tu, mipira miwili haiwezi kukaa mahali pamoja. Ouma akadai ukiisonga vya kutosha inajipanga yenyewe, safi kama chembe ya chumvi.

Nikaruka. "Omera, ndugu yangu, vitu visivyovutana vitajipangaje? Kuna mvutano umeuficha."

Wakuu, sikuwa naongea kuhusu molekuli.

Jumamosi akatuita kwake. Alikuwa amenunua bano sokoni Kibuye, zile goroli za glasi za watoto. Akaweka chache kwenye sinia, akatikisa. Zikazagaa ovyo. Akaongeza mpaka sinia ikakaribia kujaa, akatikisa polepole. Zikajipanga mistari, kila moja imezungukwa na sita, kama sega la asali.

Nikaziondoa zote, nikatia maji kwenye sinia nione kama imeinama. Haikuwa imeinama. Nikamwambia Ouma avue saa, huenda ina sumaku.

Achieng akacheka mpaka akashika ukuta. "Sumaku imeanza lini kuvuta glasi, Bwana Utafiti?"

Ouma hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Akaeleza kwa upole kwamba kwenye msongamano, bano zikikaa ovyo zinakwamana. Zikijipanga, kila moja inapata kanafasi ka kucheza. Njia za kusogea zinakuwa nyingi zaidi, na hiyo ndiyo entropi. Hakuna gundi.

"Sawa," nikasema. "Na wewe na Achieng?"

Achieng akaweka chini bano aliyokuwa ameshika. "Nikipigiwa simu unauliza ni nani. Nikienda Asembo kwa mama unataka picha ya mama. Nilihamia pale nipumue tu. Lakini wewe ukiona vitu viwili vimekaa sambamba, lazima utafute gundi."

Akachukua mkoba, akaenda. Ouma akaanza kuokota bano.

Nilirudi nyumbani nikaandika simulation yangu mwenyewe, bila mvutano wowote, nikiomba igome. Haikugoma. Mipira ikajipanga mbele ya macho yangu.

Nilichojifunza: mpangilio si ushahidi wa mvutano. Hesabu nimeikubali. Achieng aliomba nafasi, nikampa, nikahamia benchi la nyuma kabisa.

Lakini jana nimewaona pale ufuoni wakila samaki, ngege wa ziwani, sahani moja, Ouma anamtolea miiba.

Wajuzi wa fizikia na wa mapenzi, karibuni mnieleze. Hiyo nayo ni entropi?