Rangi ya Shaba kwa Mama Mkwe

Namshukuru Mungu, mpaji wa maji na wa subira, aliyenifikisha uzeeni nikiwa bado na mkwe wa kumheshimu.

Mama mzazi wa mke wangu alikuwa akiishi Choma, peke yake tangu afiwe na mumewe, na magoti yalikuwa yamemchoka. Tulimwomba ahamie kwetu Kwihara. Alikuja mara mbili, na mara zote mbili aliondoka siku ya tatu. Sababu ilikuwa bafu. Kwa desturi tuliyokulia, mama mkwe haogi pale anapooga mume wa binti yake, wala hagusi bomba alilolishika mkwe huyo akiwa hana nguo. Basi alikuwa akienda kuoga kwa jirani, akiegemea fimbo, na njia yenyewe ni mawe matupu.

Nikasema bafu nalihama mimi. Nilijenga uzio wa mabua nyuma ya jiko, nikawa naoga huko na ndoo yangu. Mke wangu akatikisa kichwa.

"Baba, bomba ni lile lile. Ataliona tu."

Kulitoa kungekuwa kuvunja ukuta, kwa kuwa bomba na shawa vimejengewa kwenye vigae. Fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo akanielekeza nilipake rangi hapo hapo lilipo, liwe kama jipya.

"Sugua kwa msasa, mzee, mpaka ule mng'aro ufe. Futa, ziba vigae kwa karatasi, puliza rangi ya kopo kidogo kidogo. Ukifanya haraka, umeharibu."

Nimefundisha katekisimu miaka mingi, nikiwahimiza watu wawe na subira. Hata hivyo nilipuliza mara moja tu, nene, rangi ikatiririka kama uji. Mke wangu akachungulia mlangoni.

"Mwalimu wa subira, bomba lako linalia!"

Tulicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nikasugua upya. Safari hii nilipuliza nyepesi, nikangoja ikauke, nikarudia, siku mbili nzima. Likatoka rangi ya shaba, kama vikuku vya bibi zetu.

Mama mkwe alipofika, mke wangu alimwingiza bafuni, nami nilisimama nje, chini ya dirisha la bafu, maana yeye na mimi hatuzungumzi ana kwa ana.

"Binti yangu," nikamsikia, "hili ndilo bomba la mkwe wangu?"

Sikutaka adanganywe. Nikapaza sauti: "Mke wangu, mwambie mama ni lile lile. Ila mimi nimelihama, na rangi yangu nimeiondoa."

Nikasogeza sikio karibu na dirisha.

"Muulize, yeye anaoga wapi?"

"Mwambie, kwenye mabua, nyuma ya jiko."

"Mzee mzima, na mvua hizi?"

"Mwambie mvua inanisaidia kusuuza."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha nikasikia maji yakifunguliwa.

"Mwambie, siku nikiondoka, asiliguse kabla hajapaka rangi nyingine. Mimi nami ni mkwe!"

Kesho yake nilinunua kopo la rangi nyeusi, nikaliweka juu ya kabati. Misimu miwili ya mvua imepita, kopo halijafunguliwa. Kila asubuhi mama huimba akioga, nami huko kwenye mabua namwitikia kwa sauti ya pili.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie mtu wa kumpisha nyumbani mwako, na kopo lako la pili likae miaka mingi bila kufunguliwa.